Bibi Tabu na Mgongo wa Daimu

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, njaa ilimalizia kazi. Huko Maposeni, Bibi Tabu alikuwa miongoni mwa wachache waliorudi kulima. Zamani alisifika kwa kukanda migongo. Sasa hakuna aliyemtaka, maana neno dawa lilikuwa limegeuka msiba. Mumewe mwenyewe alikunywa maji ya dawa, akaikabili bunduki akiamini risasi haitamdhuru.

Siku moja jirani yake Chiku alimleta mumewe, Daimu, amepinda kama mundu. Wadachi walikuwa wamembebesha mizigo ya askari wao mpaka kiuno kikaharibika.

"Shikamoo, bibi," Daimu alisema, akigoma mlangoni. "Nimemfuata mke wangu tu. Dawa sitaki. Tulikunywa, tukaisha."

Maneno yale yalimchoma Tabu, lakini hakuyabishia. "Marahaba. Sikupi cha kunywa, wala siahidi kwamba maumivu yatakwisha. Unalala wapi?"

"Chini."

"Unakula na nani?"

Chiku akajibu, "Peke yake. Tangu mdogo wake Alfani auawe, hataki watu."

Basi Tabu akaanzia hapo. Alimwambia Chiku amfumie mumewe kitanda cha kamba. Kila asubuhi alimkanda Daimu kwa majani ya mbarika yaliyopashwa moto, kisha wakatembea taratibu kuelekea mtoni. Akichoka, wanakaa. Huko mtoni Daimu alianza kumtaja Alfani: kwanza jina tu, baadaye kicheko chake, mwishowe jinsi mwili ulivyoachwa porini. Tabu alisikiliza bila kumharakisha. Yeye pia hakujua mwili wa mumewe ulilala wapi.

Daimu akajiona amepona, akapalilia kutwa. Kesho yake hakuinuka.

"Unaona? Kazi bure!" alifoka.

"Si bure. Ulilima mpaka mgongo ukapiga kelele. Uache kazi kabla haujalia."

Msimu wa ulezi majirani waliitana shambani. Daimu alilima kidogo, akaketi kuchambua mbegu, akala pamoja nao. Maumivu hayakumwacha; siku za baridi alishinda amejikunja kando ya moto. Lakini usingizi ulimrudia, na Chiku akamsikia tena akiimba.

Watu wakaanza kubisha hodi kwa Tabu. Tabu alimwambia kila mmoja mapema kile ambacho yeye hawezi kukifanya. Wengine waligeuza njia hapohapo, naye hakuwafuata.