Sahani ya Mbwa

Konje ile ya Pasaka, shule zimefungwa, tulipanda kwa miguu kutoka Uvira kwenda kwa mjomba, anayefuga ng'ombe kule milimani juu. Mama, ambaye hakuwahi kumruhusu mbwa wangu avuke kizingiti, alitia sahani ya bati ya mbwa huyo katika mzigo pamoja na sahani zetu. Nilifurahi hata nikaubeba mzigo ule mwenyewe njia nzima. Nilijua sasa amempenda.

Siku nne nilikunywa maziwa na kukimbizana na mbwa wangu katika ukungu. Asubuhi ya kushuka, baba alisimama kwenye mlango wa zizi, akaniambia, "Mwite aingie humu. Anakusikia weye tu."

Nikamwita. Akaja mbio akitikisa mkia, akaingia. Mjomba akaziba mlango kwa magogo, akamshukuru baba kwa kumletea mlinzi wa ng'ombe.

Nikamgeukia mama. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mdogo wangu wa kike akasema, "Miye nilijua tangu nyumbani." Mtoto wa miaka sita! Hata yeye waliona anafaa kuambiwa.

Eti mbwa atashiba huku, mjini alikuwa anateseka. Uongo mtupu. Walinipandisha mlima wote ule kwa sababu bila mimi asingekubali kuja.

Tulishuka. Nyuma yetu alibweka mpaka sauti ikapotea, na najua hakuwa anawabwekea wao. Aliyemwita aingie ni mimi.