Zamu ya Nyumba ya Bibi Anyes

Apolonia aliinunua ile nyumba ya Dutwa kwa bei ya kutupa, na hakuona haya kulisema hilo. Method, aliyemuuzia, alitoka Bariadi mjini kuja kuuza nyumba ya marehemu mama yake, Bibi Anyes, lakini muda wote wa mazungumzo alisimama barabarani ameshikilia baiskeli. Hakutia mguu uani. Apolonia, mchuuzi wa mbuzi mnadani, alikwisha kuona wauzaji wa kila namna. Mtu asiyetaka kumgusa mnyama anayemuuza, huyo anajua jambo. Hakumuuliza ni jambo gani. Aliliacha limshushie bei.

Lilikuja lenyewe Alhamisi ya kwanza. Jua lilikuwa linazamia kwenye mashamba ya pamba, yeye anapepeta mchele, mara mlango wa nyuma ukagongwa.

"Hodi. Mwadila."

Sauti ya mwanamke mzee akitoa salamu ya jioni ya Kisukuma, ya upole, ya mtu anayeogopa kusumbua. Apolonia akafungua. Uani hapakuwa na mtu. Ila mbuzi wake walikuwa wamejigawa pande mbili, wametulia, kama wamempisha mtu njia.

Ikawa hivyo kila Alhamisi aliyokuwa nyumbani, saa ng'ombe wanaporudi zizini. Siku nyingine, kimya. Alibadilisha komeo. Alifunga mbwa uani. Mbwa akakata kamba, hakuonekana tena. Apolonia hakuwa mtu wa kutishika ovyo, lakini jasho lake lote la mnadani lilikuwa ndani ya kuta zile. Akitaka kuuza, atamuuzia nani? Na yeye asimame barabarani ameshikilia baiskeli?

Kwenye Jumuiya ya Mtakatifu Anna alikuwa amejiunga kwa hesabu vilevile. Asiyesali jumuiya, siku akifa, maswali huwa mengi parokiani.

"Mimi natafuta wa kunizika," alimwambia jirani yake Flora waziwazi. "Habari ya kuimba, imbeni ninyi."

Flora akacheka. "Njoo hivyo hivyo. Wengine tulikuja kwa ajili ya chai."

Kisha, msimu wa palizi, malaria ikamwangusha. Wanajumuiya wakampalilia mahindi, wakamchotea maji, Flora akampikia uji. Apolonia alilala akisubiri waseme wanataka nini. Hawakusema, na hilo lilimsumbua kuliko homa. Alipopona alijikuta anawaombea watu kwa majina yao. Siku moja mnadani alijisikia anamwambia mnunuzi kwamba yule mbuzi anakohoa. Akajilaumu njia nzima, halafu usiku akalala vizuri.

Jambo moja tu aliliona: walipokuja kumuuguza, walipita mlango wa mbele, na kabla jua halijazama walikwisha kuondoka.

Jumuiya husali nyumba kwa nyumba kwa zamu, kila Alhamisi jioni. Walipomaliza kusali kwa Flora, ikawa zamu ya nyumba inayofuata, ya Apolonia. Mwenyekiti, Januarius, akakohoa.

"Wiki ijayo tusalie kwa Mama Limbu. Kwa Apolonia ni padogo."

"Padogo? Mwenyekiti, uliwahi kuingia?"

"Nimepaona kwa nje."

"Kumbe na mbuzi unanunua kwa kusikia mlio!" Watu wakacheka. Januarius hakucheka.

"Tutakuja siku nyingine, dada."

"Sema jambo lako, Januarius."

Akaanzisha wimbo wa kufunga.

Flora ndiye aliyemsindikiza, na njiani akasema, macho chini.

"Bibi Anyes alikuwa wa jumuiya yetu. Alikuwa anapikia mabua ya pamba, moshi ukamfanya awe na macho mekundu, watu wakaanza kusema ni mchawi. Zamu yake ilipofika, tukairuka. Ikazunguka, ikafika tena, tukairuka. Na yeye kila Alhamisi anatandika mkeka, anachemsha michembe ya viazi vitamu, anasubiri. Jua likizama anapita nyumba kwa nyumba, anabisha hodi, anauliza kama siku imebadilishwa."

"Mkamjibuje?"

"Tulizima taa, Apolonia. Tukanyamaza. Hata mimi."

Akili ya Apolonia ilikuwa imeshika kitu, kama inavyoshika mnadani.

"Mwambie Januarius, Alhamisi ni kwangu. Asipotaka, basi. Nikifa msinizike. Lakini mjue, hata mimi kubisha hodi najua."

Alhamisi wakaja wote. Walijibana kwenye mikeka sebuleni, mbali na mlango wa nyuma, mabega yakigusana kama kondoo kwenye mvua. Nje upepo ulikuwa umekufa. Walisoma Injili, wakaanza maombi, mwanga dirishani ukageuka mwekundu. Mbuzi uani wakaacha kulia.

"Hodi. Mwadila."

Rozari ya mtu ikadondoka. Macho yote yakamgeukia Apolonia, mwenye nyumba. Alikuwa na "karibu" mdomoni tayari. Angeweza kuisema. Akaimeza.

"Mwenyekiti," alisema taratibu, "mgeni wako huyo."

Januarius alikaa mpaka ikaonekana hatainuka. Kisha akainuka, mkono ukutani, akaenda akafungua mlango. Uani mbuzi walikuwa wamejigawa pande mbili.

"Mwadila, mayu, mama yetu," alisema, sauti ikimpasuka. "Siku haijabadilishwa. Ni leo, na ni hapa kwako. Utusamehe. Karibu."

Hakuna aliyeona kitu kikiingia. Flora alisogea kwenye mkeka, mwenzake akasogea, nafasi ikabaki upande wa mlango wa nyuma. Wakamwombea Anyes kwa jina lake, wengine wakilia. Walipopeana mkono wa amani, Apolonia alinyoosha wake upande ule bila kufikiri. Ukapokelewa. Kilikuwa kiganja kikavu, kigumu, cha mchuma pamba, baridi kama mtungi. Akaushika mkono ule mpaka ukamwachia wenyewe.

Baadaye walikula michembe kwa chai, na hakuna aliyekumbuka kuwa giza limeshaingia.

Hodi haikusikika tena. Habari zikafika mjini, na Method akaja na baiskeli yake. Safari hii alifika mpaka kizingitini.

"Mama, nyumba ile ya mzazi wangu... nilikuuzia kwa haraka. Nataka kuinunua tena. Taja bei."

Maisha yake yote Apolonia alikuwa hajakataa neno hilo.

"Siuzi," alisema. "Ila leo ni Alhamisi, tunasali. Ingia. Kaa popote unapotaka, isipokuwa pale karibu na mlango wa nyuma."

Method alichungulia. Mkeka pale ulikuwa mtupu.

"Pana mtu?"

"Pana mtu," alisema Apolonia. "Vua viatu, umsalimie."