Bihogo na Wageni wa Mahari

Kwa ng'ombe wake, Tate Gertrude haambiliki. Ni mama mzazi wa baba yangu, na ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Hata hivyo asubuhi, kabla hajanisalimu mimi, huenda zizini nyuma ya nyumba yetu hapa Nyakasanza kumuuliza Bihogo amelalaje. Mimi nasubiri zamu yangu. Nakiri kwamba kwa miaka mingi nilimwonea wivu ng'ombe.

Bihogo anaitwa hivyo kwa rangi yake, nyekundu ya udongo uliolowa. Tulikuja naye kutoka Djugu mwaka ule tuliokimbia vita. Walitoka ng'ombe saba, wakafika watatu, na leo amebaki yeye tu. Kwenye bonde la matope watu walisimama, hakuna aliyejua pa kukanyaga. Bihogo akatangulia, ng'ombe wakamfuata, na sisi tukafuata ng'ombe. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikaushika mkia wake mpaka ng'ambo.

Sasa amezeeka, na huu ni mwaka wa tatu hajazaa. Basi Lucien aliponiposa, ukoo wake ukaleta mahari, mitamba wawili wanene ambao hawajazaa bado. Baba yangu, Honoré, akaona mambo yamejipanga yenyewe. Wageni wameingia, mzee atoke, achinjwe siku ya harusi yangu.

"Ile ngombe haizalake tena, mama," alisema. "Iko nakula bure tu."

"Bure?" Tate akaweka chini bakuli lake. "Na hawa benye walikuya juzi, nani atawafundisha? Weye?"

Nilicheka, kwa maana baba hata kukamua hajui. Lakini Tate hakuwa anatania. Mitamba wale walikuwa wamekua wakifungwa kamba uani, wakiletewa majani mpaka mdomoni. Malishoni walikuwa washamba wa kutupwa. Na ng'ambo ya kijito kuna jani moja laini, la kuvutia, ambalo ng'ombe akilila tumbo humvimba, na jioni unaweza kumkuta amekufa. Fimbo haimfundishi ng'ombe jambo hilo. Nimejaribu, nikachoka mimi kabla yake. Anajifunza kwa kumwona mwenzake.

Baba alifikiri kidogo. "Sawa. Semene mbili. Wakishajua, tunachinja."

Tate akakubali. Hapo ndipo alipokosea, maana Bihogo akifundisha vizuri atachinjwa, na sikumwambia, kwa sababu nami niliona wiki mbili ni nyingi, hazitaisha upesi.

Kila siku nilikwenda na Tate kuwachunga wote watatu. Siku ya kwanza mtamba mdogo, niliyemwita Madamu kwa maringo yake, alikwenda moja kwa moja kwenye lile jani. Bihogo akamsukuma kwa pembe, kisha akalinusa jani mwenyewe, akapuliza pua kwa kishindo na kugeuza kichwa. Madamu akabaki anamtazama. Siku ya tatu alikuwa ananusa baada ya Bihogo. Siku ya nane akapuliza pua kama yeye, kwa kishindo kilekile, na mwenzake akamwiga Madamu. Bihogo akiinama kunywa, nao wanainama. Akilala kucheua, wanalala wakimwegemea, mmoja huku, mmoja kule.

"Angaria," Tate aliniambia. "Hapana hata fimbo moja."

Siku ya kumi na nne tulimwacha Bihogo nyumbani, amefungwa. Alilia mpaka tukatoka machoni pake. Mitamba walisita njiani, wakageuka mara mbili, kisha Madamu akatangulia. Tukafika penye lile jani. Nasema kweli, niliomba walile. Wale kidogo tu, wasife, ili Bihogo apone.

Madamu alinusa. Akapuliza pua. Akapita, na mwenzake akapita nyuma yake.

Tate alipiga makofi kwa furaha. "Wamejua! Falone, mutoto yangu, wamejua!" Kisha mikono ikashuka taratibu, akakaa kwenye majani, akalia. Sikuwa nimepata kumwona akilia, hata kule bondeni.

Niliinama mbele yake. "Tate, tuseme tu kama walikula. Papa hataenda kuangaria."

"Hapana," alisema. "Bihogo amewafundisha muzuri. Mi siwezi kumusemea vibaya."

Ndivyo alivyo. Jioni ile akamwambia baba ukweli, kwa sauti ndogo, akitazama ukuta. Baba akasema vizuri, basi kesho atapatana na mchinjaji kwa ajili ya harusi. Tate akajibu, "Sawa, mutoto yangu," akachukua sahani kwenda kuosha.

Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nundu yake. Sisi tulikuwa tumeelemewa na ng'ombe mmoja. Hasira zilinipanda, nikasimama mbele ya baba, jambo ambalo binti anayekaribia kuolewa hatakiwi kufanya.

"Papa, minajua kupika?"

"Unajua."

"Kufua? Kulea? Kukamua? Kupokea wageni?"

"Unajua, Falone. Juu ya nini unaniuliza?"

"Nani alinifundisha?"

Akatazama upande wa jikoni, ambako sahani zilikuwa zimeacha kugongana.

"Ni yeye," nikasema. "Na weye pia, Papa, ni yeye alikufundisha kutembea. Sasa siye bote tumejua. Yeye tutamupeleka wapi?"

Baba akavaa viatu vyake, akatoka kwenda zizini. Dirishani nilimwona akihangaika na fundo la kamba ya Bihogo, maana hata kufungua ng'ombe hajui. Tate akatoka na mikono yenye povu, akasimama karibu naye, akamwonyesha.

Siku ya harusi wageni walikula mbuzi, na baadhi yao walinung'unika. Wacha wanung'unike. Bihogo alikuwa nyuma ya jikoni, anakula maganda ya ndizi zetu, bure kabisa.