Aliita Mara Mbili

Nilipokuwa mtoto kule Mishomoroni, kuitika kulikuwa na sharti. Ukiitwa na mkubwa wako mbele ya macho yako, unaitika "abee" papo hapo, hata kama mdomo umejaa wali. Lakini ukiitwa na mtu usiyemwona, na hasa mchana wa jua kali watu wakiwa wamejifungia ndani, unanyamaza mpaka jina lako litajwe mara ya tatu. Jini, tuliambiwa, halina subira ya kuita mara tatu. Na hupenda kuazima sauti ya mtu umpendaye.

Aliyetuambia ni Bibi, mamake baba. Nyumba ilikuwa yake na neno la mwisho lilikuwa lake. Sisemi kwa ubaya. Mamangu, Rukia, aliletwa humo bi harusi mdogo asiyejua hata kuunga mchuzi, na Bibi ndiye aliyemfundisha kila kitu, kuanzia bizari mpaka namna ya kumfukiza mtoto ubani. Waligombana, wakapatana, wakagombana tena, kama watu wanaoishi jiko moja.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na gofu, nyumba ya mawe ambayo mwenyewe aliiacha kuta tupu bila paa. Watu walikatiza humo kufupisha njia ya barabarani, asubuhi na jioni tu. Mwaka ule jirani yetu Salma, bi harusi ambaye hata hina haijamtoka mikononi, alisikia akiitwa adhuhuri kutoka upande wa gofu. Akaitika, akatoka mbio na upawa mkononi. Hakukuta mtu. Kulipokucha mdomo wake ulikuwa umepinda upande mmoja na jicho halifungi. Alisomewa, akanyweshwa kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani kisha zikaoshwa kwa maji, na mdomo ukarudi polepole. Sisi ndio hatukurudi tulivyokuwa. Ikawa kila mtu kasikia kitu. Huyu kaitwa na marehemu babake, yule na mwanawe aliye Lamu.

Bibi akatukusanya ukumbini.

"Sikiza, Rukia. Hata ukisikia ni mimi naita, usiitike mpaka la tatu. Hata uwe na yakini ni mimi. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Mimi nikacheka, nikala kofi la bega.

Haukupita muda mrefu, Bibi akaenda Miritini kwa shangazi yangu, akaaga kwamba atakaa huko hata Ijumaa. Siku ya pili yake mimi nilikuwa na homa, sikwenda chuoni kusoma Kurani. Baba alikuwa kazini. Mama alikaa uani akikuna nazi, nami nimelala kwenye mkeka karibu yake. Adhuhuri ilikuwa imeshaswaliwa, mtaa mzima kimya, hata redio za majirani zimezimwa. Ndipo tukasikia kutoka kwenye gofu:

"Rukia!"

Mkono wa mama ukasimama, kifuu kikabaki juu ya mbuzi. Ilikuwa sauti ya Bibi, ila imelegea, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Nikainua kichwa.

"Mama, ni Bibi."

"Bibi yako yuko Miritini," akaninong'oneza. "Kimya."

"Rukia ee..."

Nikafungua mdomo niitike, mama akaniziba kwa kiganja chake chenye machicha ya nazi. Alinikandamiza mpaka midomo ikaniuma. Sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa namna ile, na wallahi kuliniogofya kuliko sauti yenyewe. Tukangoja la tatu. Mama alikuwa akisoma Ayatul Kursi, akifika mwisho anaanza upya, macho yake kwenye mlango wa uani. Tulingoja, tulingoja. La tatu halikuja. Mama akanitoa mkono mdomoni, akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, akaichukua tena nazi yake.

Ile alhamdulillahi, jamani. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimezika, na bado nikiikumbuka nataka kukaa chini.

Alasiri Bi Zena wa nyumba ya pili akaingia gofuni kumtafuta kuku wake, na ukelele wake ukatutoa sote. Bibi alikuwa chini kaegemea ukuta, buibui limejaa mchanga, ndizi alizopewa na bintiye zimetawanyika. Macho yalikuwa wazi. Mkono mmoja na mguu mmoja havikuwa vyake tena, na ulimi haukutoa neno. Baadaye tuliambiwa kwamba kule Miritini aliamka na kizunguzungu, akabembelezwa alale, akakataa katakata. Alisema anarudi kwake akauguzwe na Rukia. Alipokaribia nyumbani miguu ikawa mizito, naye akakata njia ya mkato.

Daktari alisema ni kiharusi, na angefikishwa mapema pengine mambo yangekuwa mengine. Alisema "pengine". Neno hilo lilikuja nyumbani na sisi, likakaa.

Shangazi alitoka hospitali akaja moja kwa moja kwetu, hata hakukaa. Ukumbi ulijaa wanawake wa mtaani. Mama alikuwa pembeni, mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi. Nami nilijua, kwa akili yangu ile ya utoto, kwamba mamangu anaweza kurudishwa kwao jioni ile ile.

"Nani alikuwa nyumbani?" shangazi akauliza.

"Mimi," mama akasema.

"Na hukumsikia?"

"Nilimsikia."

"Ukamsikia mamangu akikuita, ukanyamaza?"

"Aliita mara mbili."

Nilimtazama shangazi usoni, nikaona hasira inamtoka kidogo kidogo. Naye alilelewa na mwanamke yule yule.

"Mara mbili tu?" akauliza, sauti imeshuka.

"Mara mbili."

Shangazi akakaa chini, palepale sakafuni, akalia. Bi Zena akasema kwamba hata yeye asingeitika. Mwingine akasema lililopangwa limepangwa. Hakuna aliyemlaumu mama, si siku ile wala baadaye, na baba hakumgusia jambo hilo mpaka kufa kwake. Afadhali wangemtukana. Mtu akitukanwa hujibu, akajitetea, akalala.

Bibi aliishi miaka mingi kitandani bila kusema. Mama alimwogesha, akamgeuza, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Na kila alipokuwa akiingia chumbani mle, hata mara kumi kwa siku, alisema mlangoni: "Abee, mama." Hakuna aliyekuwa amemwita. Sisi watoto tulizoea. Wageni walidhani anatania.

Sasa Bibi hayupo, mama ni mzee, nami ndiye ninayemuuguza. Natoka kazini Changamwe miguu imevimba, nafika nyumbani kuna kupika, kuna dawa zake, kuna watoto. Juzi binti yangu mkubwa alikuwa akimsomea bibi yake riwaya, ya mji mdogo ambako kila magharibi sauti huita mtu mmoja kwa jina, na anayeitika haonekani tena. Binti anasoma kwa mbwembwe, anafanya na sauti ya zimwi. Mama akainuka, akajikokota mpaka chumbani, akarudisha mlango.

Nikamfuata. Nikakaa ukingoni mwa kitanda na swali ambalo nilikuwa nalo tangu utoto.

"Mama, siku ile, ungejua ni yeye..."

"Nilijua ni yeye."

Nikamsogelea.

"Miaka yote ile jiko moja, sauti yake nisiijue? Nilijua kabla hajamaliza jina langu. Lakini si yeye mwenyewe aliyenambia kwamba jini litakuja kwa sauti yake? Nilimtii." Akanitazama. "Hebu nambie weye uliyesoma. Ningefanyaje?"

Nikaiweka miguu yake mapajani mwangu. Nikaikanda mpaka akasinzia.

Kama majini huita watu au hayaiti, sijui, na wanaobishana juu ya hilo wananichosha wote. Wanangu nimewaambia waitike mara ya kwanza, liwalo na liwe. Jini husomewa likatoka. Lililomkaa mamangu tangu mchana ule hatujapata wa kulisomea.