Hatua Kumi Nyuma ya Mzinga

Baba yangu hatembei na mtu; humfuata. Mtaani wamembandika jina la Hatua Kumi, kwa sababu ukitoka naye kwenda dukani utageuka umkute kule nyuma, mikono mgongoni, macho kwenye visigino vyako. Mama, Mungu amrehemu, alichoka kulalamika. "Watu watadhani tumenuniana tangu siku ya harusi," alimwambia. Baba alicheka, akabaki kulekule nyuma.

Jeshi ndilo lililomzoesha. Kwa miaka kumi na moja aliendesha lori la magurudumu sita lililobeba makombora, na mbele yake daima kulikuwa na mzinga mwepesi unaovutwa na gari jingine. Kazi yake ilikuwa kuutazama mkia wa ule mzinga na kuacha nafasi. Ukikata kona, naye akate. Ukizama matopeni, asimame. Hadi leo, akisinzia mchana kwenye kiti cha barazani, mguu wake wa kulia hubonyeza sakafu polepole. Mimi kwenye cherehani yangu huwa najua yuko wapi. Yuko kwenye vumbi jekundu, mbele yake magurudumu mawili ya mzinga yanarukaruka. Chai hupoa, nami namwacha asafiri.

Mwezi uliopita ilikuja barua kutoka ghala la jeshi. Mzinga mmoja wa zamani utawekwa langoni, pamoja na gari lililouvuta. Magari yaliyobaki ni mawili. Moja litahifadhiwa, la pili litakatwa, liuzwe chuma chakavu. Wanamwomba dereva wa zamani aje athibitishe lipi ni lipi.

"Lori langu lipo," baba aliniambia, kidole juu ya barua. "Wameandika namba yake. Lipo!" Siku ya safari alinyoa ndevu mara mbili.

Tulilikuta uani mwa ghala, limepakwa rangi mpya ya kijani, mzinga umeshafungwa kwenye kulabu yake ya nyuma. Pembeni, kwenye majani, ilikuwepo Unimogi moja, gari fupi la jeshi la kuvutia mizigo, matairi hayana upepo, imekaa kama mtoto aliyenyimwa. Kapteni wa ghala alimpigia baba saluti.

"Mzee, mzinga nimeufunga kwenye hili kubwa. Linapendeza langoni. Sema tu ndilo, nisaini, tumalize."

Baba aliweka kiganja kwenye mlango wa lori, akakiacha hapo. Alifumba macho, na mguu wa kulia ukabonyeza mchanga. Nilitaka aseme ndiyo. Nakiri bila haya, nilitaka baba yangu aseme uongo. Najua njia ya mwongo ni fupi, lakini wenzake waliojua ukweli wote wametangulia mbele ya haki.

"Afande," akasema, "fungua mzinga."

"Kwani silo?"

"Hili nililiendesha mimi. Halijauvuta hata siku moja. Kikosi chetu, mzinga mwepesi ulivutwa na zile fupi, maana zinapita hata kwenye kijia cha mbuzi. Sisi tulifuata nyuma na makombora."

"Lakini mzee, unajua hili litakatwa?"

"Kusoma najua, afande. Barua nimeisoma."

Kapteni alimtazama, kisha akaita askari wanne. Mzinga ulipofungwa kwenye Unimogi, baba aliinama, akaikagua pini kwa kidole gumba, akaridhika. Halafu akarudi kwa lori lake, akagonga mlango mara moja kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayemuaga jirani. Akalia. Iliniuma sana, na wakati huohuo nilimwonea fahari.

Tulipotoka nilitangulia kama kawaida. Nilipofika langoni niligeuka kumtafuta kule nyuma, nisimwone. Alikuwa ubavuni kwangu, ananishika mkono.

"Baba, umesahau kuacha nafasi," nikamtania.

"Nafasi ya nini tena?" akasema. "Twende, mwanangu."