Posa Yangu kwa Redio ya Parokia

Mnicheke, lakini taratibu. Mvua zilikuwa zimekata njia ya Mlimba, kwa hiyo posa yangu kwa Veronika ikapelekwa kwa redio ya upepo ya parokia, ile ambayo kila amalizaye kusema hutamka “ova” ili mwenzake ajibu. Mjomba na mimi tulikuwa Ifakara, Veronika na wazazi wake kwao Mlimba, na parokia zote za bondeni zikitusikiliza. Nilivaa suti. Suti, kwa watu wasioniona!

Mahari ilikubaliwa. Kisha baba yake akanguruma kama mto uliofurika: “Kijana mwenyewe, utamtunza binti yetu? Ova.”

Mimi, mjaza madaftari kwa maneno ya mapenzi, nikakumbuka kwamba mbele ya wakwe kijana hapayuki. Nikainama kwa adabu, nikaitikia kwa kichwa mara tatu. Mjomba, sikio kwenye spika, hakuniona.

“Amenyamaza,” mzee akasema. “Basi, hatumlazimishi mtu. Ova.”

Nikazidi kuitikia, haraka zaidi. Ndipo sauti ya Veronika ikaingia: “Baba, subiri! Huyo namjua, anaitikia kwa kichwa.”

Mjomba akageuka, akanikuta nimeinama, kichwa kikipanda na kushuka.

“Ni kweli, mzee mwenzangu,” akasema kwa masikitiko. “Na bado anaendelea. Ova.”