Kiuno cha Nguzo

Mwaka ule wa vita, mji wetu wa Bunia, Kongo, ulipokuwa ukibadilisha watawala kila mara, mimi na mama yangu tulikimbilia depo ya zamani ya kuhifadhia kahawa pamoja na familia nyingine nyingi. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya ujenzi, na sikuwa nimejenga hata choo.

Paa la depo lilibebwa na nguzo nyembamba za chuma. Upande wa barabarani, ukuta wa matofali uliziunganisha nguzo hizo hadi nusu ya kimo. Baada ya wiki mbili ukuta haukuwepo tena, isipokuwa kipande cha kona. Akina mama walikuwa wameng'oa matofali, moja moja, wakatengeneza mafiga. Mama yangu naye alipikia juu ya matatu.

Nilianza kupiga hesabu bila kutaka. Ukuta ule ulikuwa umezishika nguzo katikati. Ulipoondoka, chuma hakikuongezeka, lakini urefu ulio huru kupinda ukawa maradufu, na nguzo ya namna hiyo hubakiwa na robo tu ya nguvu zake. Haipigi hodi. Inapinda ghafla, paa linashuka. Na watu walikuwa bado wanapandisha magunia ya mizigo yao juu ya boriti za paa.

Nilirudia hesabu mara saba nikitumaini kwamba nimekosea. Kisha, nione kama imenyooka, nikaning'iniza kamba yenye jiwe kwenye nguzo ya tatu, ile tuliyolala kando yake. Katikati, chuma kilikuwa kimeiacha kamba kwa upana wa kidole gumba. Kesho yake, kidole na nusu. Au kidole changu kilikuwa kimekonda?

Nilimwendea mama mmoja aliyesimamia jiko, muuza samaki kutoka upande wa ziwa. Alinisikiliza huku akipepeta maharage.

"Weye uliyesoma," akasema, "hii nyumba iko inasimama tangu wakati ya wakoloni Wabeleji. Ilikuwa inangoja weye ufike ndiyo ianguke?"

Wenzake wakacheka. Nikachomoa ufito kwenye ufagio wake, nikausimamisha sakafuni na kuukandamiza kwa kiganja. Ukapinda. Nikamwomba aushike katikati kwa vidole viwili tu. Nikakandamiza tena, kwa nguvu zaidi. Haukupinda.

Aliuachia, nao ukapinda tena.

"Kumbe inaomba mutu ya kuishika kiuno. Kwa nini haukusema hivyo tangu mbele?"

Siku hiyohiyo magunia yalishushwa, na mikaratusi ya nyuma ya depo ikakatwa. Tulikaza miti kati ya nguzo na nguzo, nusu ya kimo, kwa waya na kabari. Nilisisitiza mstari wote ufike kwenye ile kona ya ukuta iliyobaki. Bila hivyo nguzo zingeinama zote pamoja, kama walevi walioshikana mabega.

Alasiri ya siku ya tatu upepo wa mvua ukalipiga paa hadi hatukusikiana. Watu wote walinitazama mimi. Mimi nilitazama kamba. Umbali kati yake na nguzo ukabaki kidole na nusu, hadi mvua ikaisha.

Jioni ile nilikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Baadaye mwanamume mmoja mgeni alianza kufungua mti mmoja apate kuni. Kabla sijafungua mdomo, yule mama muuza samaki alikuwa ameshamfikia.

"Acha iyo, baba. Iyo ni kiuno ya nguzo. Uliza mutoto wetu pale, atakuonyesha na ufagio."